Elektrodi Zikae Wapi? Ushauri kwa Wanaopanga Tiba ya Saratani ya Ubongo kwa Uga wa Umeme

Kwa anayeitazama kutoka nje, tiba ya uga wa umeme kwa mgonjwa wa glioblastoma, saratani ya ubongo iliyo miongoni mwa zile kali kabisa, huonekana kazi nyepesi. Kichwa kinanyolewa, vibandiko vinne vinabandikwa, waya zinaunganishwa na mashine ndogo inayobebwa begani, na mgonjwa anarudi nyumbani. Ugumu uko katika swali moja ambalo mgonjwa hana njia ya kulijibu mwenyewe: vibandiko hivyo vikae wapi hasa? Sentimita chache kushoto au kulia, mbele au nyuma, zinaweza kuamua iwapo seli za saratani zitapata umeme wa kutosha au zitapata mabaki tu. Ushauri wangu kwa mwanafunzi wa fizikia tiba, mhandisi wa vifaa tiba au daktari anayeingia katika kazi hii ni kwamba modeli ya kompyuta itumike kulinganisha mipangilio, isitumike kuzalisha namba ya kujivunia. Na kwamba mpangilio bora ni ule unaoinua uga pale ulipo dhaifu kabisa ndani ya eneo la uvimbe, huku ngozi ya mgonjwa ikiweza kuuvumilia kwa saa 18 na zaidi kila siku. Masharti hayo mawili yanategemeana, na kupanga kwa kuangalia moja tu ni kumpunja mgonjwa.

Wazo lenyewe lilitoka Israel. Yoram Palti, profesa wa fiziolojia katika chuo cha Technion huko Haifa, alianzisha kampuni ya Novocure mwaka 2000, na mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha majaribio ya maabara yaliyoonyesha kuwa uga dhaifu wa umeme unaobadilika mwelekeo, kati ya kilohezi 100 na 300, huzuia seli za saratani kugawanyika. Umeme wa kasi hiyo hauishtui misuli wala mishipa ya fahamu, na nguvu yake, volti 1 hadi 3 kwa sentimita, ni ndogo mno kuunguza tishu. Unachofanya ni kuvuruga protini zenye ncha za chaji ambazo seli huzihitaji inapojigawa. Kwa seli za glioblastoma kasi iliyofaa zaidi ni kilohezi 200, na seli huathirika zaidi pale mhimili wa mgawanyiko wake unapolala sambamba na uga. Kwa kuwa seli hugawanyika kila upande, mashine hutumia jozi mbili za vibandiko, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma, na hubadilishana kila sekunde moja. Kila kibandiko kina visahani tisa vya kauri, hivyo kichwa kizima hubeba visahani 36.

Katika jaribio kubwa liitwalo EF-14, lililoandikisha wagonjwa 695 kati ya 2009 na 2014, nusu ya waliopata uga wa umeme pamoja na dawa ya temozolomaidi waliishi zaidi ya miezi 20.9 tangu walipopangwa kwenye makundi, ilhali kwa waliopata dawa peke yake kipimo hicho kilikuwa miezi 16.0. Baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 13 upande mmoja na asilimia 5 upande wa pili. Hizo si namba za kupona. Hata hivyo, katika ugonjwa ambao kwa miongo mingi umekataa karibu kila kilichojaribiwa, miezi mitano ni kitu cha kuthaminiwa na kutunzwa, na njia mojawapo ya kuitunza ni kuhakikisha kuwa umeme unafika ulikokusudiwa.

Kufika huko si jambo la moja kwa moja, kwa sababu kichwa si mpira wa kitu kimoja. Fuvu hupitisha umeme kwa shida: uwezo wake ni takribani simensi 0.01 kwa mita. Majimaji yanayouzunguka ubongo na kujaza vyumba vyake vya ndani hupitisha kwa karibu 1.7, zaidi ya mara mia moja ya mfupa. Kati ya hayo mawili iko dutu ya kijivu ya ubongo, yenye takribani 0.3, na dutu nyeupe yenye takribani nusu ya hiyo. Mkondo ukishapenya fuvu hukimbilia majimaji kama mvua inavyokimbilia mfereji, na tishu iliyo kando ya mfereji hubaki na kidogo. Halafu kuna jambo linalowashangaza wengi: pale mkondo unapotoka katika majimaji na kuingia moja kwa moja kwenye tishu isiyopitisha vizuri, uga katika tishu hiyo hupanda. Ndiyo maana modeli huonyesha vilele vya uga karibu na vyumba vya majimaji, ndani kabisa ya ubongo, mahali ambapo mtu angetarajia uga uwe umefifia. Tena uga huwa mkali chini ya kingo za kibandiko kuliko chini ya kitovu chake. Anayekadiria kwa jicho hushawishika kuweka kitovu cha kibandiko juu kabisa ya uvimbe. Modeli zilizochapishwa na kundi la Anders Korshøj wa Aarhus, Denmark, mwaka 2018, baada ya kupima mipangilio mingi kwa utaratibu, zinaelekeza kinyume: mara nyingi ni afadhali uvimbe ukae karibu na ukingo.

Hapo ndipo kompyuta inapostahili nafasi yake. Pedro Miranda na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lisbon walikuwa miongoni mwa waliofungua njia, kwa modeli yao iliyochapishwa mwaka 2014, iliyojengwa kutokana na picha za MRI za kichwa halisi. Utaratibu wenyewe unaeleweka kwa yeyote aliyesoma fizikia ya chuo. Picha hugawanywa katika tishu: ngozi, fuvu, majimaji, dutu ya kijivu, dutu nyeupe na uvimbe. Kichwa hukatwa katika mamilioni ya vipande vidogo vyenye nyuso nne, kila tishu hupewa uwezo wake wa kupitisha umeme, visahani huwekwa juu ya ngozi, kisha kompyuta hutatua mlinganyo wa Laplace kipande kwa kipande. Mlinganyo huo wa umeme uliotulia unafaa hata kwa umeme unaobadilika mwelekeo, kwa sababu katika kilohezi 200 urefu wa wimbi ni mkubwa mno ukilinganishwa na kichwa.

Makosa mengi hutokea kabla ya mlinganyo huo kuandikwa. Picha za kawaida za hospitali mara nyingi hukata kichwa kwenye masikio au kwenye paji, kwa kuwa daktari aliyeziagiza alitaka ubongo tu. Kwa kazi hii ngozi yote ni mali, pamoja na kisogo na mashavu, maana vibandiko vya nyuma hushuka hadi karibu na shingo. Agiza picha ya T1 ya milimita moja inayofunika kichwa kizima, picha ya T2 kwa ajili ya kutenganisha fuvu na majimaji, na T1 nyingine yenye dawa ya kung'arisha uvimbe. Programu ikishamaliza kugawa tishu, usiendelee kabla ya kuipitia kazi yake tabaka kwa tabaka kwa macho yako. Programu hizi zilifunzwa kwa vichwa vya watu wazima wenye afya, na kichwa cha mgonjwa aliyepasuliwa kina vitu zisivyovijua: dirisha la mfupa lililokatwa na kurudishwa, bamba la titani, skrubu, ngozi yenye kovu, na shimo lililoachwa na uvimbe. Tobo dogo kwenye fuvu lililokosewa katika modeli hugeuka mlango wa mkondo mzima, na ramani inayotokea hapo ni nzuri kwa macho lakini haifai kwa matibabu.

Pingamizi la kwanza linalosikika kwa wanafizikia waangalifu ni hili: thamani za upitishaji umeme hazijulikani kwa uhakika. Zilizomo vitabuni zimetofautiana, nyingine zilipimwa kwenye tishu iliyokwisha kufa, na uvimbe wenyewe hubadilika, ukiwa na ganda hai na kiini kilichooza chenye majimaji. Kama msingi unayumba, kwa nini tuamini nyumba? Nakubali kuwa msingi unayumba, na kwa sababu hiyohiyo nasisitiza ulinganisho. Mtu akiniambia modeli yake imetoa volti 1.37 kwa sentimita ndani ya uvimbe, desimali ya mwisho sina haja nayo. Akiniambia kuwa mpangilio wa pili umeushinda wa kwanza kwa thamani za chini za upitishaji, kwa za kati, na kwa za juu, hapo amenipa kitu cha kutendea kazi. Kosa la thamani huelekea kuhamisha mipangilio yote kwa pamoja, na nafasi ya mmoja dhidi ya mwingine husalia imara zaidi kuliko namba ya kila mmoja. Isiposalia imara, yaani mpangilio unaoongoza ukibadilika kila unapogusa thamani za uvimbe, basi modeli inakuambia kuwa mipangilio hiyo inakaribiana, na uchague ule ulio mwepesi kwa mgonjwa. Kwa hiyo usitoe ramani moja. Endesha hesabu mara kadhaa, ukibadilisha fuvu, dutu nyeupe na uvimbe ndani ya mipaka iliyochapishwa.

Baada ya hapo ndipo huja uamuzi ambao kwangu ndio kiini cha kazi yote: ni kipimo gani kitumike kuchagua? Wastani wa uga katika uvimbe ni rahisi kuuhesabu na unapendeza kwenye ripoti, lakini unaficha. Chukua mfano wa kubuni. Mpangilio mmoja unatoa wastani wa volti 1.6 kwa sentimita, huku kona moja ya uvimbe ikipata 0.5. Mwingine unatoa wastani wa 1.4, na hakuna kona iliyoshuka chini ya 1.0. Anayetazama wastani atachagua wa kwanza. Seli zilizo katika kona ya 0.5 hazijui wastani, zitaendelea kugawanyika, na ugonjwa utarudi kutokea hapo. Katika maabara, athari ilianza kuonekana vizuri kwenye kiwango cha volti 1 kwa sentimita hivi, kwa hiyo swali linalofaa ni sehemu gani ya eneo lengwa iko chini ya kiwango hicho, na mpangilio upi unaipunguza zaidi.

Shimo la upasuaji linaonyesha vizuri kwa nini. Wagonjwa wengi huanza tiba hii wakiwa wamekwisha kupasuliwa, na penye uvimbe pamebaki tundu lililojaa majimaji. Mkondo ukitoka kushoto kwenda kulia, kuta za tundu zinazotazamana na vibandiko hupata uga mkali, wakati kuta zilizolala sambamba na mkondo hupata mdogo, kwa kuwa majimaji yameuvuta mkondo kupita katikati. Seli zilizobaki ziko katika kuta zote hizo, na ni huko mpakani ambako glioblastoma hupenda kurudia. Jozi ya pili inaweza kufidia udhaifu wa ya kwanza, ila kwa sharti kwamba mwelekeo wake ndani ya tishu unatofautiana kweli na wa mwenzake. Vibandiko vilivyopandana kwa pembe mraba juu ya ngozi si dhamana ya pembe mraba ndani ya uvimbe, kwani majimaji na mfupa huupinda mkondo njiani. Basi chunguza kila jozi peke yake, tazama pembe kati ya nyuga hizo mbili mahali uvimbe ulipo, na kwa kila nukta chukua ile ndogo kati ya nguvu mbili. Ramani ya nguvu ndogo haipendezi kama ramani ya wastani, lakini ndiyo inayoonyesha mahali mgonjwa alipoachwa wazi.

Atauliza mwingine: kuna ushahidi gani kwamba uga ukiongezeka katika modeli, maisha ya mtu halisi huongezeka? Ushahidi mzuri tulio nao ulichapishwa mwaka 2019 na Matthew Ballo na wenzake, waliojenga modeli za wagonjwa 340 wa EF-14 waliotumia mashine. Wale ambao uga katika eneo la uvimbe wao ulikadiriwa kufika wastani wa volti 1.06 kwa sentimita au zaidi walikuwa na kipimo cha kati cha maisha cha miezi 24.3, dhidi ya 21.6 kwa waliokuwa chini ya hapo. Walipozidisha nishati inayoingia kwenye tishu kwa sehemu ya muda ambao mashine iliwashwa, tofauti ilipanuka: miezi 25.2 dhidi ya 20.4. Ni haki kuukosoa utafiti huo. Mipaka ya namba ilitafutwa ndani ya data ileile, na uvimbe unaopata uga mdogo unaweza kuwa ndio uliokaa mahali pabaya, ambako hata daktari wa upasuaji alishindwa kuufikia. Hakuna aliyepangwa kwa bahati nasibu apewe mpangilio mzuri au mbaya. Pamoja na hayo, matokeo yanakubaliana na maabara, yanakubaliana na fizikia, na hayamtaki mgonjwa abebe hatari yoyote ya ziada. Kusogeza kibandiko hakuna madhara ya dawa mpya. Kwa hatua yenye gharama ndogo namna hiyo, ushahidi wa kiwango hicho unatosha kutenda, ingawa hautoshi kuahidi.

Sasa turudi kwenye ngozi, ambayo wajenzi wa modeli huisahau kwa urahisi. Katika EF-14 zaidi ya nusu ya waliovaa vibandiko walipata muwasho au vidonda vidogo vya ngozi. Mashine nayo hupima joto la visahani, na likikaribia nyuzi 41 za Selsiasi hupunguza mkondo. Maana yake ni kwamba kisahani kimoja kilichobandikwa vibaya, juu ya nywele zilizoanza kuota au kovu lenye mabonde, kinaweza kuushusha uga wote ambao kompyuta iliuahidi. Hesabu ndogo inaweka wazi uzito wa jambo hili. Nishati hupanda kwa mraba wa uga, hivyo mpangilio unaoongeza uga kwa asilimia 10 huongeza nishati kwa asilimia 21. Lakini kama mpangilio huo unakaa juu ya mshono wa upasuaji na kumlazimu mgonjwa ashuke kutoka saa 18 hadi saa 14.4 kwa siku, amepoteza moja ya tano ya muda. Zidisha 1.21 kwa 0.8, utapata 0.97. Ushindi wote wa kompyuta umekwisha, na mgonjwa ameongezewa maumivu juu yake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba la muhimu ni saa tu na mpangilio ni urembo, wala na wanaosema kinyume chake. Vitu hivyo viwili huzidishwa, havijumlishwi, na kinachozidishwa kwa kitu kidogo huwa kidogo. Kwa vitendo: mwulize mgonjwa analala upande gani, anavaa kilemba au hijabu ya namna gani, kovu linamuuma wapi, na nani nyumbani humnyoa na kumbandika. Weka majibu hayo katika modeli kama maeneo yaliyokatazwa kabla ya kutafuta mpangilio bora. Kumbuka pia kwamba vibandiko hubadilishwa mara mbili au tatu kwa wiki, na kila mara husogezwa kama sentimita 2 ili ngozi ipumzike. Mpangilio mmoja kwa hiyo ni mipangilio miwili, na yote miwili ihesabiwe. Ukiona wa kwanza ni bora sana na uliosogezwa umeacha kona wazi, chagua jozi ya mipangilio inayokaribiana kwa ubora.

Lipo pingamizi zito zaidi, lisilohusu modeli bali tiba nzima. EF-14 haikuwa na mashine bandia ya kulinganishia, wagonjwa walijua wanachopata, na waliandikishwa baada ya kumaliza mionzi bila ugonjwa kuendelea, jambo linalowaacha nje waliokuwa na hali mbaya zaidi. Bei ya orodha nchini Marekani imekuwa takribani dola 21,000 kwa mwezi, na mwaka 2018 taasisi ya NICE ya Uingereza ilielekeza kuwa tiba hii isitolewe katika huduma ya umma kwa kuwa faida yake hailingani na gharama. Hoja hizo ni za kweli na familia ina haki ya kuelezwa kabla ya kutia sahihi. Kwangu zinaongeza uzito wa kupanga kwa makini. Kama jamii au familia imeamua kulipa fedha nyingi hivyo, umeme usipotee kwa kibandiko kilichowekwa kwa mazoea.

Pia kuna kishawishi cha kwenda mbali kuliko ushahidi. Watafiti wa Aarhus walitumia modeli kuonyesha kuwa kutoboa au kupunguza mfupa wa fuvu juu ya uvimbe hufungua njia ya mkondo, wakajaribu upasuaji huo kwa wagonjwa 15 ambao ugonjwa wao ulikuwa umerudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: modeli zilikadiria ongezeko la uga la wastani wa asilimia 32. Ni kazi ya kutia moyo, lakini ilifanyika ndani ya jaribio linalosimamiwa. Maelekezo ya kawaida ya mashine yanakataza kuitumia kwa mtu aliyekosa kipande cha fuvu bila kiziba, mwenye kifaa cha umeme kilichopandikizwa mwilini, au mwenye vipande vya risasi kichwani. Modeli nzuri haifuti makatazo hayo.

Kwa wanaosoma Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, mashine yenyewe inaweza kuwa mbali, lakini ujuzi hauko mbali. SimNIBS, programu iliyoendelezwa huko Copenhagen na Axel Thielscher na wenzake, hupatikana bure, huja na kichwa cha mfano, na kuitumia hakuhitaji mashine ya saratani wala mgonjwa. Mwanafunzi anaweza kuchora uvimbe wa kubuni, kuweka visahani 36, na kuona mwenyewe jinsi tundu la majimaji linavyokwepesha mkondo. Kwa ndugu wa mgonjwa aliye Ulaya au Marekani, maswali ya kuuliza kliniki ni machache: mpangilio ulitokana na picha ya tarehe gani, sehemu gani ya eneo la uvimbe inapata uga mdogo kabisa, mpangilio uliosogezwa ulihesabiwa au ulikisiwa, na ni lini utapitiwa upya.

Swali la mwisho hilo lisipuuzwe. Picha mpya ikionyesha tundu limejikunja, uvimbe umevuka upande wa pili, au vyumba vya majimaji vimepanuka, modeli ya zamani haielezi tena kichwa kilichopo, na kuirekebisha kwa makadirio ni kurudi kwenye kubahatisha. Ianzwe upya kutoka kwenye picha. Katika jalada la mgonjwa ziandikwe tarehe ya picha iliyotumika, thamani za upitishaji zilizojaribiwa, nguvu ndogo ya uga kwa kila jozi, mipangilio iliyokataliwa na sababu yake, saa za matumizi kama mashine ilivyozirekodi, na hali ya ngozi katika kila ukaguzi, ili atakayepokea kazi aweze kuona kwa nini kila kibandiko kiliwekwa pale kilipo.